Res: neno fupi la Kilatini linalowatoa jasho wafasiri

Mshairi Ennius, aliyefariki mwaka 169 KK, alimsifu kwa mstari mmoja jemadari Fabius Maximus, yule aliyemchosha adui Hannibal kwa kumkwepa badala ya kumkabili: unus homo nobis cunctando restituit rem. Mtu mmoja, kwa kuvuta muda, alitusimamishia tena rem yetu. Karne moja na nusu baadaye mshairi Horatius akaigiza sauti ya watu wa mjini wenye uchu wa fedha: rem facias, rem, si possis, recte, si non, quocumque modo, rem. Neno ni lile lile, res, tena katika umbo lile lile. Kwa Ennius ni dola ya Roma. Kwa Horatius ni fedha: chuma mali, mali nakwambia, kwa njia ya haki ukiweza, usipoweza kwa njia yoyote ile, mradi mali.

Ukifungua kamusi ya Kilatini na Kiingereza utakuta chini ya res msururu wa maneno: thing, matter, affair, business, property, fact, event, circumstance, lawsuit, cause, state, reality. Mwanafunzi hushika la kwanza, thing, kwa sababu liko juu. Na anayesoma Kilatini kwa kupitia Kiingereza, kama wasomaji wengi wa Kiswahili wanavyolazimika, hupita madaraja mawili: res inakuwa thing, thing inakuwa kitu. Kati ya tafsiri zote za res, kitu ndiyo inayofaa mara chache zaidi.

Res hutaja kile ambacho watu wanahangaika nacho kwa wakati huo: wanachokimiliki, wanachokigombania, wanachokipanga, kilichowapata. Ni kipi hasa, maneno ya jirani ndiyo yanayosema. Kiswahili cha zamani kinalitumia neno "neno" lenyewe kwa namna inayokaribia hapo. Anayejibu "hakuna neno" baada ya kuombwa radhi hazungumzii msamiati.

Umbo kwanza, maana baadaye

Kosa la kwanza hutokea kabla maana haijaguswa. Umbo res lenyewe linaweza kuwa kiima cha umoja, kiima cha wingi, au yambwa ya wingi. Rem ni yambwa ya umoja. Rei ni umiliki wa umoja, na pia ni umbo la mpewa. Re hufuata vihusishi kama de na in, au husimama peke yake kwa maana ya "kwa" na "katika". Wingi una rerum kwa umiliki na rebus kwa mpewa na kwa vihusishi. Neno ni la jinsia ya kike, kwa hiyo kivumishi kinachoandamana nalo ndicho kinachokata mzizi wa fitina: res secunda ni umoja, res secundae ni kiima cha wingi, res secundas ni yambwa ya wingi. Tazama kivumishi na kitenzi kabla hujagusa kamusi.

Rei ina mtego wa ziada. Huandikwa sawa na wingi wa reus, yaani mshtakiwa. Hao ni ndugu: reus limetokana na res kwa maana ya kesi, na Cicero, msemaji mkuu wa Roma, anasema wazi kwamba yeye anawaita rei wote ambao shauri linawahusu, si wanaoshtakiwa tu. Ukikuta rei katika hotuba ya mahakamani, tafuta kitenzi. Kikiwa cha wingi na hakina kiima kingine, karibu kila mara hao ni watu.

Kwa nini rerum na rebus zimejaa kila ukurasa? Sababu kubwa ni ya kisarufi. Mroma akitaka kusema "vitu vyote" au "mambo yote" kama kiima, omnia inamtosha, kwa kuwa umbo hilo si la watu. Lakini likigeuka kuwa umiliki, omnium inaweza kuwa "ya watu wote" au "ya mambo yote", na omnibus ina utata huo huo. Ili kuuondoa, waandishi waliongeza res: omnium rerum, omnibus rebus. Kiingereza kinahitaji kujaza pengo hilo kwa thing au matter. Kiswahili hakihitaji, maana ngeli inafanya kazi yenyewe: wote, vyote, yote. Omnium rerum inakuwa "ya yote" au "ya vyote", na neno res limekwisha kutafsiriwa bila nomino kuonekana.

Sura tatu za Caesar

Mahali pazuri pa kuona neno hili likifanya kazi ni kitabu cha kwanza cha jemadari Julius Caesar kuhusu vita vya Galia, sura ya 3 hadi ya 5. Wahelvetii, waliokaa sehemu ambayo leo ni Uswisi, wanataka kuhama nchi yao. Mkubwa wao Orgetorix anawachochea, huku yeye ana lake moyoni.

Sura ya 3 inaanza na his rebus adducti. Neno kwa neno ni "wakivutwa na vitu hivi", lakini sura iliyotangulia haikutaja vitu. Imeeleza jinsi walivyobanwa na mto Rhine, milima ya Jura, ziwa Geneva na mto Rhone, wasiweze kutanuka wala kuwavamia majirani kwa urahisi. Basi res hapa ni hali: "Kwa kusukumwa na hali hiyo." Mistari michache mbele wanaamua kwamba ad eas res conficiendas, yaani kukamilisha res hizo, miaka 2 ingewatosha. Kabla ya hapo wametajwa wanyama wa mizigo na magari ya kununuliwa, mbegu za kupandwa kwa wingi, amani ya kufanywa na mataifa ya jirani. Res zimekuwa maandalizi.

Sura ya 4: ea res est Helvetiis per indicium enuntiata. Hapo katikati Orgetorix ameshakula njama na wakuu wa makabila mengine ili wajitwalie ufalme. "Njama hiyo ikafichuliwa kwa Wahelvetii." Anaitwa kujieleza, anakuja na watu wake wapatao 10,000, anakwepa kesi, na raia wanahamaki ob eam rem: kwa sababu hiyo, au "kwa hilo". Kisha sura ya 5, Orgetorix keshafariki, lakini watu wanajiona ad eam rem paratos. Tayari kwa safari hiyo.

Hali, maandalizi, njama, sababu, safari. Caesar hakuwa mvivu wa msamiati. Kwa Mroma ea res ilifanya kazi ambayo Kiswahili hufanya kwa "hilo" na "hayo": inaelekeza kidole nyuma, kwa jambo lililokwisha kusemwa. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa mfasiri ni huu: ukikuta res pamoja na haec (hii), ea (hiyo) au quae (ambayo), rudi nyuma sentensi mbili tatu uone inaonyesha nini. Kisha uamue kama utalitaja jambo hilo kwa jina lake au utaacha "hilo" litoshe. Quam ob rem na quare, kwa mfano, hazihitaji nomino kamwe. Ni "kwa hiyo" au "kwa nini", basi.

Kivumishi kinapoibeba maana

Mara nyingine res inasimama kama kigingi tu cha kufungia kivumishi. Res militaris ni mambo ya kijeshi. Res rustica ni kilimo, na ndicho kichwa cha vitabu vya Varro na Columella. Res frumentaria, ambayo Caesar haachi kuitaja, ni chakula cha jeshi: nafaka, ugavi wake na wasiwasi wa kuikosa. Res divina ni ibada, hasa ya kutoa sadaka. Res secundae ni neema na res adversae ni shida. Katika nyingi ya hizi tafsiri nzuri ya Kiswahili ni neno moja. Anayeandika "mambo ya kilimo" hajakosea, ila ameongeza uzito usio na kazi.

Res gestae ni yaliyotendwa, hasa vitani na katika uongozi. Ndilo jina la maandishi ambayo mfalme Augustus aliacha yachongwe baada ya kifo chake mwaka 14 BK, na nakala yake bora iko kwenye kuta za hekalu huko Ankara. Wanasheria wamelichukua jina hilo hilo kwa jambo jingine kabisa: maneno na vitendo vilivyofungamana na tukio kiasi kwamba ushahidi wake unapokelewa kama sehemu ya tukio lenyewe.

Res novae ndiyo iliyowaponza wengi. Kwa neno moja moja ni "mambo mapya". Kwa Mroma ni kupindua utaratibu wa nchi, na haikuwa sifa. Caesar anamwita mpinzani wake Dumnorix cupidum rerum novarum, mwenye uchu wa res novae, na hamaanishi kwamba jamaa alipenda mitindo. Waraka wa Papa Leo XIII wa tarehe 15 Mei 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi unaitwa Rerum Novarum kwa sababu nyaraka za Papa huitwa kwa maneno yake ya kwanza, na huu unaanza rerum novarum semel excitata cupidine: hamu ya mapinduzi ikishaamshwa. Tafsiri ya Kiingereza ya Vatican inataja revolutionary change. Kichwa cha "Mambo Mapya" kinasikika kama habari njema, wakati sentensi yenyewe inaonya juu ya moto uliotoka kwenye siasa ukaingia kwenye uchumi. Tangu Mei 2025, Papa Leo XIV alipoeleza kwamba jina lake linaukumbuka waraka huo, kosa hili limepata nafasi mpya ya kurudiwa.

Na res publica? Cicero anaifafanua kwa maneno manne: res publica, res populi. Ni kile kilicho cha umma. "Jamhuri" ya Kiswahili, iliyotoka Kiarabu kwenye neno la watu wengi, inaelekea huko huko, na kwa Roma ya kabla ya Caesar inafaa. Tatizo ni kwamba kwa Cicero utawala wa mfalme mwadilifu nao ni hali mojawapo ya res publica. Mfasiri anayeshikilia jamhuri atajikuta ameandika kwamba ufalme ni aina ya jamhuri. Augustus naye, akiwa ameshika madaraka yote, anaendelea kusema res publica bila aibu. Katika maandishi ya aina hiyo "dola", "nchi" au "mambo ya umma" ni salama zaidi, na jamhuri ibaki kwa kipindi chake.

Vergilius na machozi

Sehemu moja ya utenzi wa mshairi Vergilius inawagawanya wafasiri mpaka leo. Aeneas, aliyefukuzwa na vita kutoka Troya, anafika Carthago na kukuta hekaluni picha za vita hivyo hivyo. Analia, na kusema: sunt lacrimae rerum. Rerum ni umiliki, na umiliki wa Kilatini una pande mbili. Machozi yanaweza kuwa ya mambo yenyewe, kana kwamba ulimwengu unalia, na wako wafasiri wa Kiingereza waliochagua njia hiyo. Au ni machozi kwa ajili ya mambo, yaani watu wanalia kwa sababu yake.

Mstari uliotangulia unasema kwamba hapa pia sifa ina tuzo yake, na unaofuata unamwambia mwenzake aache woga, kwani habari hizi zitawaletea usalama. Aeneas anazungumzia watu wa mji huo: wageni hawa wanajua huruma. Kwa hiyo upande wa pili una nguvu zaidi, hata kama wa kwanza unapendeza zaidi kwenye fulana. Kiswahili kinautamka bila kutafuta nomino: "Hapa pia wapo wanaolia kwa yaliyompata mtu." Ile ya- ya ngeli ndiyo rerum.

Kitu chenyewe au mgogoro wenyewe: res mahakamani

Mahakama za Kenya na Tanzania zimerithi Kilatini kupitia sheria ya Uingereza, na humo res ina angalau maana mbili zinazogongana.

Res judicata ni kanuni ya kuzuia shauri lililokwisha kuamuliwa lisifunguliwe tena. Kwa Kenya iko kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, na Tanzania ina kifungu chake katika sheria ya namna hiyo. Wengi hudhani res hapa ni kile kinachogombaniwa: "kiwanja hiki kimeshaamuliwa." La hasha. Res ni suala lenyewe lililobishaniwa. Masharti yanakwenda pamoja: suala liwe lile lile moja kwa moja na kwa kiini chake, wadaawa wawe wale wale au wanaodai kupitia kwao, wakidai kwa hadhi ile ile, mahakama ya kwanza iwe na mamlaka, na suala liwe lilisikilizwa na kuamuliwa hadi mwisho. Kiwanja kinaweza kuamuliwa leo kuhusu mpaka, na kesho kikaletwa tena kuhusu kodi isiyolipwa au uvamizi uliotokea baada ya hukumu. Tena shauri lililoondolewa kwa kasoro ya kisheria bila kusikilizwa kwa kawaida halijawa judicata, hata kama jalada lake ni nene.

Geukia bandarini. Shauri in rem linafunguliwa dhidi ya mali yenyewe, na mfano wake mkuu ni meli. Mwenye meli anaweza kuwa nchi ya mbali asikofikika, lakini meli iko hapa na inadaiwa mafuta, mishahara ya mabaharia au fidia ya mgongano. Meli inatajwa kama mdaiwa, hati ya kuikamata inabandikwa juu yake, na haiondoki mpaka dhamana iwekwe. Hapa res ni chuma kinachoelea. Kinyume chake ni in personam, shauri dhidi ya mtu.

Mzizi wa maana hii ya mali ni wa kale kuliko Roma. Res ni ndugu wa neno la Kisanskriti rayi, ambalo ni utajiri. Gaius, mwanasheria wa karne ya 2 BK, aligawa res kuwa zinazogusika na zisizogusika. Zinazogusika ni kama shamba, nguo, dhahabu, na mtumwa, ambaye naye ameorodheshwa humo bila kigugumizi. Zisizogusika ni kama urithi, haki ya kutumia mali ya mwingine, na deni. Deni ni res. Hapo kitu kinashindwa kabisa, na "mali" nayo inavutwa mpaka inalia.

Kutoka realis, kivumishi cha baadaye cha res, Kiingereza kikapata real. Real estate haimaanishi mali ya kweli, wala ya mfalme kama inavyovumishwa. Katika mahakama za kale za Uingereza, shauri la real lilimrudishia mshindi ardhi yenyewe, na la personal lilimpa fidia tu. Ardhi ikabaki na jina hilo. Real ya Madrid ni ukoo mwingine: hiyo imetoka rex, mfalme.

Umbo re ndilo linalokaa juu ya barua za ofisi. RE: ni "katika jambo la", na Kiswahili cha serikali kilishapata mwenzake kamili, YAH:, ufupisho wa "yahusu". Wanaosoma RE kama reference wanaichanganya na Kumb. Na., ambayo ina mstari wake. Hata Re: ya baruapepe inatoka humo humo. Waraka wa kiufundi wa mwaka 2008 unaoweka kanuni za muundo wa baruapepe unataja wazi in re ya Kilatini. Majalada ya mirathi ya Kenya nayo huandikwa In re Estate of, likifuatiwa na jina la marehemu.

Res ipsa loquitur, tukio lenyewe linajieleza, ilipata umaarufu mwaka 1863 katika kesi ya Byrne na Boadle, pipa la unga lilipomwangukia mpita njia huko Liverpool. Res hiyo ni mazingira ya ajali. Pipa halikuhojiwa.

PRN, na neno lililogeuka hakuna

Cheti cha dawa kikiwa na herufi PRN, ni pro re nata: kadiri hali inavyojitokeza. Neno kwa neno, "kwa jambo lililozaliwa". Daktari anamaanisha dawa itumike dalili iliyotajwa ikitokea. Wengi wanasoma "ukitaka". Ndiyo maana PRN peke yake ni maagizo nusu. Lazima iandamane na dozi, dalili, muda wa chini kati ya dozi na kiwango cha juu cha siku. Parasetamoli kwa mtu mzima, kwa mfano: gramu 1 kwa maumivu, zipite si chini ya saa 4 hadi 6 kabla ya dozi nyingine, na isizidi gramu 4 kwa saa 24. Bila hayo, kinachozaliwa ni matatizo ya ini.

Res nata hiyo hiyo, kwa maana ya "kitu chochote kilichozaliwa", ilitumika kutilia mkazo kwenye ukanushi huko Hispania, ikakatwa mpaka ikabaki nada: hakuna kitu. Kwa Wafaransa rem ikawa rien, kwa njia hiyo hiyo, na anayezungumza Kiswahili Lubumbashi au Bujumbura huitamka kila siku. Kazi ya kutaja kitu ikachukuliwa na causa, neno ambalo awali lilikuwa la sababu na kesi: chose kwa Kifaransa, cosa kwa Kiitalia na Kihispania, coisa kwa Kireno.